Sura ya Sita: Shimo Kwenye La

Kufika saa mbili ya asubuhi, nusu ya Butembo ilikuwa imeshamsikia Mwalimu Éphraïm akiitukana kwaya yake mwenyewe, na nusu ya pili ilikuwa inatafuta pa kuchajia simu ili nayo isikie. Inspekta Jokébed Kavuo alikuwa amesikia mara tisa. Mara ya kwanza kwa muuza mkate, ya pili kwa jirani, na saba zilizobaki ofisini kwake, huku Éphraïm mwenyewe ameketi mbele yake, kofia magotini, akikunja uso kila sauti ilipofika kwenye mapua.

Jokébed akabonyeza simu mara ya kumi.

“Allô? Ndiyo, ni mimi. Batu ya Beni, munisikilize muzuri: nimekubali. Hii kwaya ya Butembo imenichokesha. Ba-basse banalala. Ba-ténor banaimba mu mapua. Na ile mama mukubwa wa alto, akifika ku La, ni heri mutu afunge dirisha. Minakuya kwenu. Na nyimbo yote minaleta.”

Sekunde ishirini na sita za sauti nyembamba ya simu, kisha mlio wa mtu anayekata.

“Ni sauti yako?” Jokébed aliuliza, kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi ya mashtaka, procès-verbal.

“Ni ya kwangu.”

“Na maneno?”

“Ya kwangu.”

“Basi, Mwalimu, hii plainte unaleta juu ya nani?”

Éphraïm akageuza kofia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa miaka hamsini na minane, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameongoza Kwaya Tumaini la Mlima. Aliianza na watu sita. Sasa walikuwa arobaini. Mke wake alikuwa amefariki, watoto walikuwa wameolewa mbali, na jioni zake zote zilikuwa ni mazoezi. Siku hiyo, saa kumi kamili ya alasiri, komite ya kwaya ingekutana kumfukuza. Mambo ya kukimbilia kwa mahasimu wa Beni, Kwaya Sauti ya Semuliki, Butembo hayasamehewi kirahisi.

“Inspecteur, ile ni théâtre,” alisema. “Nilitaka tuweke mchezo kidogo katikati ya nyimbo mu album mupya. Mwalimu mubaya anaacha kwaya yake, kisha anarudia na machozi. Nikatafuta mutu wa kucheza mwalimu mubaya. Bote bakakataa.”

Jokébed alielewa. Mwaka mmoja kijana wa parokia alicheza mwizi wa kuku kwenye mchezo wa Noeli, na mpaka leo kuku akipotea mtaani, watu wanampigia hodi yeye.

“Nikacheza peke yangu,” Éphraïm akaendelea. “Mu studio ya Luc, kule Beni. Kwaya ilikuwa inje inakula bugali. Hakuna karatasi, nilisema yenye ilitoka mu kichwa. Luc akasema atafanya sauti ikuwe kama ya simu. Sasa nimemupigia. Anasema hakumbuke kitu, na disque ya kompyuta yake imekufa.”

“Kwa hiyo shahidi ni weye na Luc.”

“Ni mimi tu. Luc amejitoa.”

Akaingiza mkono mfukoni na kuweka juu ya meza kidude cha chuma chenye meno mawili. Ilikuwa diapason yake, ile ya kugonga na kuweka sikioni ili kwaya ipate sauti ya kuanzia. Haigongwi ikatoa kitu kingine: ni noti ya La tu, siku zote.

“Ichunge,” alisema. “Nisipopata kwaya saa kumi, sitakuwa na kazi nayo.”

Jokébed, aliyekuwa amemhurumia kimyakimya tangu alipoingia, sasa alimhurumia waziwazi. Akamwambia aende akanywe chai.

Mtu wa pili kuitwa alikuwa Muyisa, naibu mwalimu wa kwaya, fundi wa simu karibu na soko. Mtu mwenye kushika simu za watu siku nzima na kungojea kiti cha mkubwa wake miaka tisa ni mshukiwa ambaye polisi hawezi kumkataa. Isitoshe alikuja amevaa suti mpya siku ya kazi.

“Weye njo wa kwanza kutuma ile audio mu groupe ya kwaya.”

“Ni mimi. Lakini mimi pia nilitumiwa, Mama Inspecteur.”

“Ile costume ni ya nini?”

“Ni ya kaka yangu.”

Mikono ya suti ilimfunika mpaka kucha, kwa hiyo hapo alikuwa anasema kweli.

“Costume ni ya kaka yako, lakini saa kumi ni ya kwako.”

Muyisa akakubali kwamba hakuona ubaya mtu kuwa tayari. Lakini simu yake ilimtetea. Audio aliipata jana yake asubuhi kutoka kwa binamu yake wa Musienene, anayeuza viazi. Jokébed akampigia binamu. Binamu alikuwa ametumiwa na mteja wa Kanyabayonga. Mteja wa Kanyabayonga alikuwa ametumiwa na mwanakwaya mmoja wa Beni, na yule wa Beni hakupokea simu. Tusi limetembea mpaka Kanyabayonga na kurudi kabla mwenye kutukanwa hajaamka, na kote lilikopita halikuwa na jina la mtumaji wa kwanza. Muyisa akaondoka akiwa msafi, amekasirika kidogo kwamba hakuna aliyeisifu suti.

Wa tatu hakuitwa. Mama Berthe aliingia mwenyewe, muuza vitenge, mwanamke mrefu na mpana, kiongozi wa alto. Alikaa bila kukaribishwa, akaweka mkoba mezani.

“Nafungua dossier yangu,” alisema, kama mwenye kufungua kesi.

“Juu ya ile tusi?”

“Tusi nitajua nayo mimi na Mwalimu. Dossier ni ya La yangu. Banaikata.”

“Nani?”

“Mimi najua? Miaka mbili sasa. Tukiimba mu kanisa, La iko. Tukirekodi kule kwa Luc, nikisikiliza disque, nafika ku La, napotea. Juu ya La niko, chini ya La niko, ku La yenyewe hakuna mutu. Nimesema ku komite mara ine. Banacheka. Banasema, Mama Berthe anataka asikike yeye peke yake.”

Jokébed naye alikuwa karibu kucheka, na ili asicheke aliandika. Berthe akamkabidhi kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu yenye album ya Noeli, kama ushahidi, na kudai risiti. Inspekta akaandika risiti ya La moja iliyopotea, akatia kadi pochini pamoja na diapason, na kutoka.

Précieux alikuwa fundi wa mitambo kwenye redio moja ya mjini, mtu mwembamba anayesikiliza watu akiwa amefumba macho, jambo ambalo huwakera wengi. Aliisikia audio mara moja tu, kisha akaigeuza kuwa picha kwenye kompyuta: sauti nzito chini, sauti nyembamba juu, rangi mahali penye sauti na giza mahali pasipo na kitu.

“Chini hakuna kitu,” alisema. “Juu hakuna kitu. Imebakia katikati.”

“Donc ni simu.”

“Ao ni filtre yenye inaiga simu. Sikio haliwezi kutofautisha. Filtre ni kitu ya kuchuja tu, Mama, kama ile ya unga. Ukikuwa inje ya kanisa, milango imefungwa, unasikia nini?”

“Ngoma na basse.”

“Ukuta umeacha bya chini bipite. Ile ni passe-bas. Sasa jirani yako mu taxi iko na écouteurs mu masikio, weye unasikia nini ya muziki yake?”

“Tsss, tsss.”

“Bya juu tu. Passe-haut. Ukiweka zote mbili pamoja, unakata chini, unakata juu, inabakia kipande cha katikati. Ile ni passe-bande, na ile njo simu inafanyaka siku yote. Studio yoyote inaweza kuifanya kwa dakika moja.”

Jokébed akahema. Alikuwa amekuja kutafuta tofauti kati ya simu ya kweli na simu ya uongo, na amepewa habari kwamba hakuna. Ilikuwa saa tatu na nusu.

“Na hii mustari?” akauliza.

Katikati ya picha, kutoka mwanzo wa audio mpaka mwisho, ulipita mstari mweusi mwembamba, umenyooka. Kila sauti ya Éphraïm ilipofika hapo ilikatika, kisha ikaendelea juu yake.

Précieux akafumbua macho. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwake.

“Ile simu haifanyake,” alisema polepole. “Ile ni coupe-bande. Inaacha byote bipite, inakata kitu moja tu.”

“Bwana yangu Phinées iko nayo. Anasikia redio, anasikia mbuzi, anasikia mupira ku nyumba ya jirani. Sauti yangu njo haipite.”

“Njo ile. Mutu anaiweka kama kuko kelele moja yenye inasimama fasi moja, anataka kuitoa bila kugusa zingine.”

“Na hapa ametoa nini?”

“Ni sauti moja. Karibu na…” Précieux akasogeza kidole kwenye skrini, akihesabu.

Jokébed hakungoja hesabu. Akafungua pochi, akatoa diapason, akaigonga kwenye ukingo wa meza na kuiweka mbele ya kipaza sauti. Kwenye skrini ukajichora mstari mmoja mwangavu, umenyooka, ukakaa sawasawa mahali penye ule mweusi.

“La,” alisema inspekta.

Akakumbuka kadi. Précieux aliingiza album ya Noeli ya Mama Berthe, na picha ikaja imejaa: ngoma chini, wanaume, wanawake, matoazi juu. Katikati yake ulipita mstari mweusi uleule, mwembamba, umenyooka. Wakasikiliza. Berthe alipanda Sol vizuri, akaingia La, akayeyuka ikabaki pumzi tu, akatokea juu yake, kwenye noti ya Si, akiwa mzima.

Inspekta Jokébed Kavuo aliona aibu kwa ile risiti aliyoiandika kwa dhihaka. Miaka miwili mwanamke anasema kitu kimoja cha kweli, na watu arobaini wenye masikio ya muziki wanamcheka.

“Album hii ilirekodiwa kwa Luc,” alisema. “Na audio iko na kovu moja na album. Hakuna simu hapa, Précieux. Kuko studio moja, na mu ile studio kuko kelele ya La yenye Luc anaficha.”

“Unaweza kuisema ku komite.”

“Nitasema, bataniuliza mustari mweusi ni nini. Nataka Luc aiseme na kinywa chake.”

Saa nne kamili alikuwa juu ya pikipiki ya ofisi, amefunga kitambaa kichwani chini ya kofia, akielekea Beni.

Studio Sauti Safi ilikuwa nyumba ya matofali kwenye uchochoro, na juu ya mlango wake ilikuwa imeandikwa kwa rangi ya bluu: ISOLATION TOTALE, yaani hakuna sauti inayoingia wala kutoka. Ndani kuta zilifunikwa kwa trei za mayai, sakafu kwa zulia, na joto lilikuwa la kutosha kuangua mayai yenyewe kama yangekuwepo. Luc, mwenye studio, alikuwa mtu wa makamo mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu. Alimpokea inspekta kwa kiti na soda.

“Mwalimu Éphraïm namuheshimia sana,” alisema. “Mais ile mambo ya mchezo, sikumbuke. Na disque imekufa.”

“Imekufa siku gani?”

“Juzi.”

“Ulilia?”

“Pardon?”

“Mutu wa studio disque yake inakufa, kazi yote imepotea. Ningekuwa weye ningelia.”

Luc akasema kwamba yeye hulia kwa ndani.

Jokébed akasikiliza chumba. Palikuwa kimya. Kimya kabisa, cha kuudhi: hakuna jenereta, hakuna mtaa, hakuna hata mbu. Alikuwa ameendesha kwa muda wa saa mbili na nusu kufuata kelele, na kelele haikuwepo. Akanywa soda polepole ili kupata muda. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi, na akihesabu barabara ya kurudi, alikuwa na dakika arobaini za kukaa, zaidi ya hapo Éphraïm hana kwaya.

Akaweka chupa juu ya spika nyeusi. Alipoinyanyua iliacha duara. Akapitisha kidole, kidole kikawa cheupe.

“Luc, unapikaka mukate hapa?”

“Ni vumbi ya barabara.”

“Vumbi ya Beni ni nyekundu. Imejaa ku suruali yangu, angalia. Hii ni nyeupe.” Alionja ncha ya kidole. “Na ni mahindi.”

Luc akafungua mdomo. Hakupata nafasi, kwa sababu saa saba ilifika na mtu upande wa pili wa ukuta akamaliza chakula chake cha mchana. Kwanza mtambo ulikohoa. Kisha ukanguruma, ukapanda, ukapanda tena, na ulipofika mwendo wake ukatulia kwenye sauti moja ndefu iliyopita kwenye trei za mayai bila hata kusalimia. Mashine ya kusaga ilikuwa imeanza kazi.

Jokébed akagonga diapason na kuiweka sikioni. Sikio moja lilisikia chuma, la pili lilisikia mahindi, na yote mawili yalisikia La.

“Isolation totale,” alisema.

“Ile moulin ilikuya nyuma yangu!” Luc alisema. “Mimi njo nilikuwa wa kwanza hapa.”

“Kamata micro. Nirekodi.”

“Nikurekodi nini?”

“Hii.”

Hakuwa na namna ya kukataa. Akabonyeza. Jokébed akagonga diapason mbele ya kipaza sauti, na chumba kizima, pamoja na mashine nyuma ya ukuta, kikaimba La moja. Ilipokwisha, akamwambia aicheze. Kwenye spika kikasikika tk, chuma kikigonga mbao. Baada ya tk hapakuwa na kitu. Wala diapason, wala mashine. Kimya kilekile cha kuudhi.

Luc alitazama miguu yake.

“Nilisema nitaiweka siku moja tu,” alianza. “Moulin ilianza, na kwaya moja ilikuwa imeshafika, batu makumi tatu, bamevaa uniforme. Nikaweka coupe-bande. Kelele ikatoka, nikaona ni muzuri. Kesho kwaya ingine. Kisha nikasahau kama iko. Nilipokumbuka, nilikuwa nimeshakata La ya kwaya kumi na moja.”

“Kumi na moja.”

“Kuko na ya Eringeti. Ile soliste yao alilia hapa, akasema sauti yake imezeeka. Nikamuambia anywe tangawizi.”

Inspekta alitaka kukasirika na akashindwa, kwa sababu ya tangawizi.

“Na audio?”

“Ni mimi. Nilituma ku baclient batatu, kama publicité. Niliandika chini: sikilizeni effet téléphone ya studio yetu. Batu bakatuma sauti, maandishi ikabakia. Mwalimu aliponipigia na kusema anaenda ku polisi, nikafikiri: nikisema ile scène ni ya hapa, bataleta ba-expert, ba-expert bataona shimo, na kwaya yote kumi na moja itarudia hapa siku moja. Donc nikaua disque.”

“Umeiua kweli?”

Luc akapiga goti na kuvuta chini ya meza kompyuta nzima, imefunikwa kitenge. Disque ilikuwa na afya nzuri kuliko mwenyewe.

Saa saba na nusu walikuwa barabarani, Jokébed akiendesha, Luc nyuma amekumbatia kompyuta ndani ya blanketi. Kabla ya kuondoka Jokébed alikuwa amempigia Lusenge, mwenyekiti wa komite, amwombe angoje, au angalau asikilize ushahidi kwenye simu.

“Ku simu?” Lusenge alijibu. “Mama Inspecteur, simu njo imetuleta hapa. Saa kumi ni saa kumi.”

Kwenye barrière moja, kamba imekatiza barabara, askari alisimamisha pikipiki na kuelekeza kidole kwenye blanketi.

“Eloko nini wana?” aliuliza kwa Lingala, ni kitu gani hicho.

“Ni témoin, ni shahidi,” alisema Jokébed.

“Na yule mwenye kumubeba?”

“Ni témoin pia. Lakini huyu wa blanketi njo anasemaka kweli.”

Askari akafungua kamba.

Walifika saa kumi na dakika tano. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa, madirisha yamefungwa ili majirani wasifaidi, na Lusenge tayari alikuwa amesimama na karatasi ya kura. Éphraïm alikaa peke yake kwenye benchi la mbele. Muyisa alikaa pembeni na suti ya kaka yake.

Jokébed hakueleza filtre. Alimwamuru Luc aunganishe kompyuta kwenye spika za kanisa, akagonga diapason mbele ya wote, wakasikia La, kisha Luc akacheza ile aliyorekodi Beni. Tk, halafu kimya. Watu wa kwaya hawahitaji fundi wa redio kujua kwamba diapason imegongwa na La haiko. Mnong'ono ukapita kwenye mabenchi. Luc, bila kuinua kichwa, akasema yote: mashine ya kusaga, coupe-bande, tangazo lake lililopoteza maandishi. Kisha akacheza ile scène ya simu tangu mwanzo, pale Éphraïm anapokohoa na kuuliza, “Luc, nianze?” na baada yake ile ya pili, ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia. Humo mwalimu mbaya anarudi. Hakukuwa na sauti ya simu. Ilikuwa sauti ya Éphraïm wazi, nzito, karibu sana na sikio.

“Nilifika kwao, nikagonga diapason, kila mutu akasimama. Nikaona hakuna hata mumoja mwenye najua jina ya mama yake. Nikarudia.”

Lusenge akakunja karatasi ya kura mara mbili, akaitia mfukoni. Watu wakaanza kupumua. Mmoja wa tenori akasema kwamba, kwa kweli, yeye alijua tangu jana. Ndipo Mama Berthe aliposimama, na benchi likalia.

“Nimesikia,” alisema. “Ni théâtre. Hauendi Beni. Lakini, Mwalimu, ulisema maneno ilitoka mu kichwa yako. Mu kichwa yako, ile mambo ya La yangu na dirisha, ni nani aliiweka?”

Jokébed alikuwa ameikamilisha kesi yake, ila hili halikuwemo kwenye kesi.

Éphraïm aliinuka. Akageuza kofia mikononi.

“Ni disque,” alisema. “Tangu Noeli ya juzi, kila magaribi nasikilizaka album yetu ku nyumba. Niko peke yangu kule. Mu kanisa kuko ngoma, kuko clavier, sisikie muzuri. Ku disque njo nasikia. Na kila mara weye unafika ku La, inakufa. Nikasema, Mama Berthe ameanza kuzeeka. Nikaona huruma, kisha nikaona hasira, kisha nikafanya mchezo. Miaka mbili unatuambia, na mimi njo nilikuwa nacheka kupita bote. Hapana weye, Mama. Ilikuwa moulin. Unisamehe.”

Berthe alishuka mpaka mbele, akanyoosha mkono kwa inspekta, na Jokébed akaelewa, akampa diapason. Berthe akaigonga kwenye ukingo wa benchi na kuiweka sikioni, akafumba macho kama Précieux.

“Muyisa,” alisema. “Fungua dirisha.”

Muyisa akapandisha mikono ya suti, akaenda.

“Yote.”

Yalikuwa madirisha sita, na mawili yalikwama, ikabidi asukume kwa bega. Alipomaliza la mwisho Berthe alivuta pumzi na kuitoa La, nzima, ya mviringo, na ikapita madirishani mpaka kwenye duka la vitenge ng'ambo ya barabara, ambako wateja waligeuka. Éphraïm aliinua mkono bila kufikiri, kama alivyofanya miaka ishirini na miwili, na alto wengine wakaingia chini yake, kisha tenori, kwa midomo na si kwa mapua, kisha basse, ambao alasiri hiyo hakuna hata mmoja aliyekuwa amelala.